Kadi ya Zamani Haiulizwi Jina: Maneno kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Wakubwa zetu, shikamooni. Mafundi wenzangu, walimu wa TEHAMA kutoka Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu, na ndugu zetu wa Lindi mliopanda basi la alfajiri kupitia Mnazi Mmoja, karibuni Mtwara na poleni na safari.

Nina jambo moja mkononi. Kadi ya grafiki ya zamani haiulizwi jina, inaulizwa namba. Ukipata namba umepata familia ya chipu. Familia itakupa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Draiva ndiyo itakayokuambia uweke Windows gani au Linux gani. Mafundi wengi tunaifuata njia hii kinyumenyume. Tunaanza kwa kuweka mfumo mpya kabisa, kwa kuwa ndio uliopo kwenye flashi, kisha tunahangaika siku mbili kutafuta draiva ambayo haijapata kutengenezwa. Mwisho mwenye mashine anaambiwa kadi imekufa, na kadi nzima inatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Sisi wa Kusini habari ya maandishi ya nje tunaijua. Korosho hazipimwi ubora kwa kusoma gunia. Huchukuliwa sampuli, zikakatwa, zikaangaliwa kiini. Kadi nayo tuikate hivyo hivyo, tuone ndani kuna nini.

Chukueni GeForce GT 730, ambayo iko kwenye mashine nyingi za mtumba. Kuna GT 730 yenye chipu ya GF108, ya kizazi cha Fermi, na kuna GT 730 yenye chipu ya GK208, ya kizazi cha Kepler. Boksi linafanana, stika inafanana, na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Ukiziweka kwenye Linux na kuandika amri hii:

lspci -nn | grep VGA

ya kwanza itajibu hivi:

NVIDIA Corporation GF108 [GeForce GT 730] [10de:0f02]

na ya pili hivi:

NVIDIA Corporation GK208B [GeForce GT 730] [10de:1287]

Angalieni mabano ya mwisho. Herufi nne za kabla ya nukta mbili ni za mtengenezaji: 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD, na ATI ya zamani imo humo, 8086 ni Intel. Nne za baada ya nukta mbili ni za chipu yenyewe, na hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Kadi ya 0f02 draiva zake ziliishia mfululizo wa 390. Kadi ya 1287 inakwenda hadi mfululizo wa 470. Ukiilisha ya kwanza chakula cha ya pili, itakataa, na haitakueleza kwa upole.

Kwenye Windows namba hiyo hiyo ipo hata kama draiva haijawekwa. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, ingia Device Manager, fungua Display adapters. Kadi isiyo na draiva utaikuta imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter". Ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_10DE&DEV_1287. Kilicho baada ya VEN ni mtengenezaji, kilicho baada ya DEV ni chipu. Chukua kipande cha utepe wa karatasi, andika herufi hizo nane kwa kalamu ya wino usiofutika, bandika kwenye bati la nyuma la kadi. Fundi atakayeifungua mashine hiyo miaka mitatu ijayo hatakuwa na cha kubahatisha.

GT 730 haiko peke yake. GT 610 ina jina la familia ya 600, lakini ndani ni Fermi, chipu GF119, namba 10de:104a. Inakwenda na 390, siyo 470. GTX 750 na GTX 750 Ti zinaitwa za familia ya 700, lakini ni Maxwell, kizazi kipya kuliko Kepler, kwa hiyo zimeendelea kupata draiva hadi mfululizo wa 580. Upande wa AMD hali ni ileile. Radeon HD 7470, inayopatikana sana kwenye mashine za ofisi zilizotumika, haina undugu na HD 7770. Ni HD 6450 iliyovishwa jina jipya, kizazi kinachoitwa TeraScale 2. R5 235 vivyo hivyo. Lakini R5 240, ambayo namba yake inakaribiana nayo sana, ni kizazi cha GCN, na draiva zake ni nyingine kabisa.

Sasa andikeni familia zenyewe, maana hapa ndipo penye faida ya siku nzima. Kwa NVIDIA, GeForce 6 na 7 ziliishia mfululizo wa 304. GeForce 8, 9, 200 na 300, kizazi kinachoitwa Tesla, pamoja na ile GeForce 210 ndogo tunayoiona kila siku, kwenye Linux ziliishia 340.108 ya Desemba 2019, na kwenye Windows 342.01 ya mwaka 2016. Fermi, yaani GeForce 400 na 500 pamoja na hizo zilizojificha ndani ya 600 na 700, kwenye Linux ni 390.157 ya mwaka 2022, na kwenye Windows ni 391.35 ya Machi 2018. Kepler ni mfululizo wa 470 kwenye Linux. Kwenye Windows faili zake za mwisho namba zinaanza na 474 na 475. Maxwell na Pascal zinaishia 580. Kumbukeni pia kwamba 391.35 ndiyo draiva ya mwisho ya NVIDIA kwa Windows ya biti 32. Ukikuta mashine ya biti 32 yenye kadi ya Kepler, hutafuti draiva nyingine mpya zaidi. Unaweka Windows ya biti 64.

Kwa AMD, kadi za HD 2000, 3000 na 4000 zilihamishiwa Catalyst (jina la zamani la draiva za AMD) ya urithi, toleo 13.9. HD 5000, HD 6000 na ndugu zake kama HD 7470 zina Catalyst 15.7.1, na baada yake Crimson 16.2.1 ya majaribio. Kadi za GCN za mwanzo, kama HD 7770, R7 240 na R5 240, zilifikishwa hadi toleo 22.6.1 la Juni 2022. Hizo ni za Windows. Kwenye Linux AMD ya zamani ina nafuu kubwa, na nitaifikia.

Kabla ya draiva, tuiangalie kadi kwa macho. Mwambao wetu una hewa ya chumvi. Mashine iliyokaa dirishani Shangani au Mikindani huwezi kuilinganisha na iliyokaa juu ya uwanda wa Makonde. Toa kadi, igeuze kwenye mwanga, tazama meno yale ya dhahabu yanayoingia kwenye mazabodi. Yakiwa na madoa meusi au weupe kama unga, sugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, upande mmoja kisha wa pili, ukielekeza mkono nje na siyo huku na huku. Futa mabaki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi. Ukiitumia subiri ikauke kabisa. Piga brashi kavu ndani ya nafasi ya PCI Express. Ondoa kinyonya joto, kile chuma chenye mapezi kinachopoza chipu, futa gundi ya joto iliyokauka ikawa kama chokaa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwenye chipu ndogo. Feni ikizunguka kwa kusitasita, badilisha, maana draiva ikishawekwa vizuri kadi itafanya kazi zaidi na joto litapanda.

Umeme nao una hesabu yake. Nafasi ya PCI Express ya x16 inatoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. GT 710 inatumia wati 19, GTX 750 Ti inatumia 60 na nyingi hazina waya wa ziada. Mashine ndogo za ofisini kama Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo zina pawa saplai ya wati 240, tena hazina waya wa pini 6. Msilazimishe kwa adapta ya Molex kadi ya wati 150 humo ndani. Mashine itawaka vizuri, itaingia mpaka dezktopu, na itazima ghafla mtoto anapofungua mchezo au video. Fundi ataibadilisha draiva mara tano, na draiva haina kosa.

Kipimo cha haraka cha kujua kosa liko wapi ni hiki. Ukiwasha ukaona nembo ya mashine na ukaweza kuingia BIOS, halafu skrini inakuwa nyeusi mfumo unapopakia, anza kwa kuituhumu draiva. Ukiona mistari, vidoti au herufi zilizochanganyika tayari ukiwa ndani ya BIOS, chipu au kumbukumbu ya kadi imeharibika, na hakuna draiva itakayokusaidia. Kuna hali ya katikati inayowadanganya wengi: kadi inayokufa inaweza kuonyesha picha safi bila draiva, ikaanguka mara draiva inapoanza kuitumikisha. Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu, ijaribu kwenye mashine ya pili yenye draiva ya familia ileile.

Ikiwa huoni hata nembo, angalia BIOS ya mashine. Kadi nyingi za kabla ya 2012 hazina sehemu ya UEFI, mfumo mpya wa kuwasha mashine, ndani ya ROM yao, yaani kumbukumbu ya kudumu ya kadi. Ukizichomeka kwenye mashine ambayo CSM, kipengele cha BIOS kinachoruhusu uwashaji wa kizamani, yaani Legacy, imezimwa, skrini haiwaki, wala hakuna ujumbe. Toa kadi, washa kwa grafiki ya ndani ya mazabodi, ingia BIOS, zima Secure Boot (kinga inayokubali programu zenye saini tu), washa CSM. Palipo na kipengele cha ROM ya video, weka Legacy hapo tu. Usibadilishe mashine nzima kuwa Legacy, kwa sababu Windows iliyowekwa kwa UEFI kwenye diski ya GPT haitawaka tena, na utajikuta unatibu ugonjwa wa pili ulioutengeneza mwenyewe.

Tuje Windows. Pakua kila kitu kabla hujagusa mashine: draiva sahihi kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD yenyewe, na programu ya Display Driver Uninstaller, ambayo sote tunaiita DDU. Achaneni kabisa na zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa kubofya mara moja. Zinaangalia jina, na jina tumeshaona linavyodanganya, tena nyingine zinakuja na takataka zake.

Kisha kata intaneti. Chomoa waya, zima hotspoti ya simu. Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo chanzo cha malalamiko ya "niliweka ikakubali, nikaizima na kuiwasha ikarudi ileile". Windows Update inapoona kadi haina draiva, inashusha yake kimyakimya, nayo inaweza kukutana katikati na ile unayoiweka wewe. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 uingie hali salama. Endesha DDU, chagua GPU na mtengenezaji wa kadi iliyokuwemo. Kama unabadilisha kadi, chagua isafishe na kuzima mashine, ndipo uchomeke kadi mpya. Kama kadi ni ileile, isafishe na kuwasha upya. Weka draiva ukichagua Custom na kutia alama kwenye kusakinisha upya kabisa. Acha GeForce Experience. Kwenye mashine ya RAM ya GB 4 ni mzigo usio na kazi. Washa upya, angalia Device Manager, ndipo urudishe intaneti.

Kisakinishi kikisema hakijaona kifaa kinachooana nacho, rudi kwenye namba. Mara nyingi familia ndiyo uliyokosea. Ukihakikisha familia ni sahihi, NVIDIA huwa imeshafungua faili zake ndani ya C:\NVIDIA\DisplayDriver, na AMD ndani ya C:\AMD. Nenda Device Manager, Update driver, Browse my computer, Let me pick, Have Disk, ielekeze kwenye faili la .inf ndani ya folda ya draiva. Faili la .inf ni maandishi ya kawaida. Lifungue kwa Notepad, tafuta DEV_ na namba yako. Isipokuwemo, draiva hiyo haikuandikiwa kadi yako, na kuilazimisha kutakuachia skrini nyeusi.

Namba za makosa zisiwatishe. Kosa 28 maana yake hakuna draiva. Kosa 52 maana yake Windows haiwezi kuthibitisha saini ya draiva. Kwenye Windows 7 tiba yake ni masasisho mawili, KB4490628 kwanza kisha KB4474419, yanayoifundisha kusoma saini za SHA-2. Kosa 43 ndilo lenye sababu nyingi: draiva ya familia nyingine, mabaki ya draiva ya zamani, umeme mdogo, au chipu inayokufa. Fuateni kwa mpangilio huo huo, kuanzia lililo rahisi. Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za maabara za shule zenye kadi za umri huu ningeshauri zihamie Linux, isipokuwa kama kuna programu ya Windows isiyo na mbadala.

Linux ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo tunapopoteza muda mwingi bila sababu.

Anza na amri mbili. Ya kwanza ni lspci -k. Chini ya mstari wa kadi utaona "Kernel driver in use": nouveau (draiva ya wazi ya kadi za NVIDIA), nvidia, radeon au amdgpu (hizi mbili za AMD). Ya pili, baada ya kuweka kifurushi cha mesa-utils, ni glxinfo -B. Ukiona neno llvmpipe kwenye majibu yake, kadi haifanyi kazi kabisa. Picha zote zinachorwa na prosesa. Ndiyo maana video inakwamakwama na feni ya prosesa inavuma kama upepo wa kusi. Watu wanalaumu RAM, kumbe ni llvmpipe.

Mfumo usipowaka hadi dezktopu, bonyeza e kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikiwaka, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl na X. Hiyo ni gongo la kutembelea, siyo mguu. Nimeona neno hilo limeachwa kwenye GRUB moja kwa moja, na mashine nzima ikaendelea kuishi na llvmpipe. Litumie kuingia, weka draiva, kisha litoe.

Kwa NVIDIA kuna sentensi moja ya kerneli, yaani kiini cha Linux, inayopendeza kuliko mwongozo wowote. Ukiweka draiva mpya mno kwa kadi ya zamani, andika:

sudo dmesg | grep NVRM

Utakuta imeandikwa kwamba GPU iliyomo kwenye mashine hii inahudumiwa na draiva za urithi za mfululizo fulani, mathalani 470.xx. Mashine imekutajia familia kwa kinywa chake. Ondoa ulichoweka:

sudo apt purge 'nvidia-*'

kisha, kwa Kepler kwenye Ubuntu:

sudo apt install linux-headers-generic nvidia-driver-470

Hizo headers, faili za kerneli zinazohitajika kujengea draiva, ndizo zinazosahaulika. Draiva ya NVIDIA hujengwa upya juu ya kerneli yako na DKMS, chombo cha kazi hiyo. Bila headers haijengwi, na kisakinishi kinaweza kumaliza kana kwamba mambo ni shwari. Hakikisha kwa dkms status: lazima uone neno installed mbele ya kerneli ileile unayoiona kwenye uname -r. Kama kerneli mbili hazilingani, umeshapata kosa lako.

Jihadharini pia na vifurushi vyenye -open mwishoni mwa jina. Moduli hizo za wazi, yaani vipande vya draiva vinavyoingia kwenye kerneli, zinataka Turing na kuendelea, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda juu. Kwa Maxwell na Pascal chagua kifurushi cha 580 kisicho na neno hilo.

Secure Boot ikiwa imewashwa, kisakinishi kitakuomba utunge nenosiri. Ukiwasha upya utaona skrini ya buluu ya MOK, ya kusajili ufunguo wa saini ya draiva. Haikusubiri sana, bonyeza kitufe chochote ndani ya sekunde 10, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika nenosiri lile, Reboot. Ukiipita, moduli itakataliwa kwa ujumbe wa "Key was rejected by service". Kwenye maabara ya mashine ishirini, kuzima Secure Boot kwenye BIOS ni rahisi zaidi, ilimradi mkuu wa maabara ameridhia.

Fermi ina tabu yake. 390 haijaendelea baada ya 2022, nayo haikubali kujengwa juu ya kerneli mpya. Njia inayotulia ni Ubuntu 22.04 ikiwa na kerneli yake ya asili, 5.15. Tatizo ni kwamba ISO za dezktopu kuanzia 22.04.2 zinakuja na kerneli ya HWE, ambayo ni mpya zaidi. Weka linux-generic, washa upya ukichagua 5.15 kwenye Advanced options ya GRUB, ondoa linux-generic-hwe-22.04 pamoja na kerneli zake, ndipo uweke nvidia-driver-390. Toleo hilo lina masasisho ya kawaida hadi 2027, basi anzeni kuzipangia mashine hizo kadi nyingine mapema.

GeForce 8, 9, 200 na ile 210, msihangaike na 340. Iliishia kwenye kerneli ya 5.4, na viraka vinavyozagaa vya kuipandisha vinavunjika kila kerneli inapobadilika. Tumieni nouveau, ambayo imo ndani ya kerneli. Lawama kwamba nouveau ni polepole ina msingi: kadi huwaka kwa mwendo mdogo na nouveau haiuongezi yenyewe. Lakini kwa chipu nyingi za kizazi hicho, na kwa Kepler pia, unaweza kuuongeza kwa mkono. Angalia:

sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/pstate

Utaona ngazi kama 03, 07, 0f, kila moja na kasi zake, na mstari wa AC ukionyesha kasi ya sasa. Kisha:

echo 0f | sudo tee /sys/kernel/debug/dri/0/pstate

Kasi hupanda papo hapo, na hurudi chini ukizima mashine. Jaribu ngazi ya kati kwanza, uangalie joto. Skrini ikiganda, zima na kuwasha, hakuna kilichoharibika. Kwa Fermi njia hii haifanyi kazi. Ndiyo sababu nimewapeleka 390.

Na dezktopu? Draiva za 470 na za chini yake hazina GBM, kitu ambacho Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha dezktopu, inakitegemea. Ukiona skrini nyeusi baada ya kuandika nenosiri tu, au kishale peke yake, chagua kikao cha Xorg, ule mfumo wa zamani, kwenye alama ya gia iliyo pembeni ya skrini ya kuingilia. Kwa mashine za namna hii napendelea Linux Mint ya Xfce, inayotumia Xorg tangu mwanzo na haili RAM.

AMD ni fupi na ya kufurahisha. HD 2000 hadi HD 6000, pamoja na HD 7470, zinaendeshwa na radeon iliyomo ndani ya kerneli. Hupakui draiva yoyote. Ukipata skrini nyeusi, mara nyingi kinachokosekana ni faili za fimwea: kwenye Debian weka firmware-amd-graphics, kwenye Ubuntu linux-firmware. Kadi za GCN za kwanza, kama R7 240, zikiwa chini ya radeon zinafanya kazi lakini hazina Vulkan, njia ambayo michezo mipya huitumia kuchora picha. Kuzihamishia amdgpu, fungua /etc/default/grub, na ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1, kisha sudo update-grub. Kwa kizazi kilichofuata, andika cik badala ya si.

Nisiondoke bila kusema juu ya kadi bandia, maana vifurushi vinapanda basi Kariakoo na fundi anavifungua huku baada ya kilomita zaidi ya 500, hana wa kumrudishia. Kadi za GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo ni Fermi, huandikwa upya ROM zao zikajitaja kuwa GTX 1050 Ti au GTX 960. Ishara ya kwanza iko nje: GTX 1050 Ti ni Pascal, na Pascal haitoi ishara ya VGA ya analogi. Ukiona tundu la VGA la buluu kwenye kadi yenye jina hilo, shtuka. Ya pili, fungua GPU-Z kwenye Windows. Toka mwaka 2018 inaziandika FAKE mbele ya jina. Ukishapigwa, bado kadi ina thamani yake ya Fermi: ROM ya asili ikirudishwa, 391.35 inaikubali.

Na kwa skrini zetu nyingi za VGA: tundu la DVI-I, lenye vishimo vinne kuzunguka ule mstari mpana, linakubali adapta rahisi ya VGA. DVI-D halina vishimo hivyo na adapta rahisi haitatoa picha. Hapo unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake, kutoka HDMI kwenda VGA.

La mwisho ni bando. Draiva moja ya NVIDIA ni mamia ya megabaiti, na kila mmoja wetu kuipakua peke yake ni kuchoma fedha. Flashi moja ya GB 32 inatosha kubeba 342.01, 391.35, faili ya mwisho ya Kepler na ya 580, Catalyst 15.7.1 na AMD 22.6.1, DDU, GPU-Z, masasisho mawili ya Windows 7, na ISO ya Ubuntu 22.04 na ya Mint. Panga folda kwa familia ya chipu: Tesla, Fermi, Kepler, Maxwell na Pascal, TeraScale, GCN. Msizipange kwa majina ya kadi. Ndani ya kila folda weka faili ya maandishi yenye namba za kadi mlizokwisha kuzijaribu na mfumo uliokubali.

Meza mbili ziko tayari pale dirishani, moja ina Windows, nyingine ina Mint. Aliyekuja na kadi aanze kusafisha meno yake, kifutio na spiriti viko kwenye sinia. Halafu aichomeke, asome zile herufi nane, aziandike kwenye utepe. Wenye GT 730 wakae upande wangu wa kulia, tuzigawe 0f02 na 1287 kabla hatujagusa draiva hata moja.